Mto Hauna Pasipoti: Nani Analinda Maji ya Busia na Tororo?

Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu ambacho kila nyumba inakihitaji kabla jua halijachomoza, nacho ni maji. Hatutaongea juu ya foleni ya bomba wala bei ya jerikeni, hayo mnayajua kutushinda. Tunataka kujiuliza swali moja tu. Ule mto mdogo na kile kinamasi kisicho na uzio wala askari, ni nani hasa anakilinda? Ni serikali kubwa ya Kampala na Nairobi? Ni diwani? Ni mwenyekiti wa LC1? Au ni sisi tunaochota?

Kujibu swali hili tumechagua kutazama sehemu moja, mpaka wa Uganda na Kenya pale Busia na Tororo. Kwa nini huko? Kwanza, wengi wetu tunapajua. Kuna familia zilizovuka Malaba na Busia mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Zilipokelewa katika kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo, halafu mwaka huo huo zikahamishiwa Kiryandongo. Wengine walipita tu na basi wakaona malori, wabadilishaji pesa na bodaboda. Na hilo neno bodaboda lilizaliwa mpakani huko huko, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu kutoka boda moja hadi boda nyingine.

Pili, huko mto mmoja una serikali mbili. Hapo ndipo mtu anaweza kuona kama sheria inafanya kazi au imebaki karatasi.

MAJI YANATOKA WAPI, YANAKWENDA WAPI?

Chukua mito miwili. Wa kwanza ni Malaba. Unashuka kutoka Mlima Elgon, ule mlima wa mita 4,321 ambao nchi mbili zinagawana. Huko juu watu wanauita Lwakhakha. Unateremka ukiwa mpaka wa nchi, unapita kati ya Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda, halafu unashika njia ya magharibi ndani ya Uganda na kuingia katika vinamasi vikubwa vya Mto Mpologoma. Maji ya Mpologoma yanaingia Ziwa Kyoga.

Wa pili ni Sio. Huu unaanzia Kenya, upande wa Bungoma, unapita Busia, na huko mwishoni sehemu yake ni mpaka wa Kenya na Uganda mpaka unapoingia Ziwa Victoria. Lakini safari haijaisha. Maji ya Ziwa Victoria yanatoka Jinja kwa Mto Nile, nayo yanafika Kyoga. Yaani mito miwili iliyoachana mpakani, mmoja ukaenda magharibi na mwingine kusini, maji yake yanakuja kukutana tena Kyoga. Kutoka hapo Nile inapita Karuma, wilaya ya Kiryandongo, inaendelea mpaka Sudan Kusini, Sudan na Misri.

Sasa fikiria, ndugu yangu. Matope ambayo mtu ameyaachia yaingie mtoni kule Tororo leo hayaishii Tororo. Mkimbizi aliyeoga Malaba mwaka 2008 na akahamishiwa Kiryandongo, maji ya mto ule yalimfuata kwa nyuma. Mto hauna pasipoti, hauombi kibali, na hauulizwi unatoka kabila gani.

KINAMASI KINAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi wakiona kinamasi, au swampu kama tunavyosema Uganda, wanaona sehemu ya bure. Eti ni maji machafu, mbu na nyoka. Wengine wanasema afadhali ifukiwe au ilimwe. Lakini kinamasi kina kazi zake, tena nzito.

Kazi ya kwanza ni kushika maji. Mvua kubwa ikinyesha Elgon, maji yanateremka kwa nguvu. Kinamasi kinayapokea kama sifongo, kinayatuliza, halafu kinayaachia polepole. Ndiyo maana kisima kilicho karibu na kinamasi huwa na maji hata Januari na Februari wakati wa kiangazi. Ukikiondoa kinamasi, mambo mawili yanakuja: mafuriko wakati wa mvua na ukame wakati wa jua. Watu wa Butaleja, ambayo ilikuwa sehemu ya Tororo mpaka mwaka 2005, wanayajua mafuriko ya Mto Manafwa. Na upande wa Kenya, watu wa Budalangi katika kaunti ya Busia wamehama nyumba zao mara nyingi kwa ajili ya Mto Nzoia.

Kazi ya pili ni kuchuja. Mizizi ya mafunjo inashika matope na uchafu. Pale Kampala, kinamasi cha Nakivubo kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, kikipunguza uchafu wa jiji kabla haujafika ziwani. Hakuna mtu anayekilipa mshahara.

Kazi ya tatu ni kulisha. Samaki kama kamongo na kambale, majani ya kuezekea, mafunjo ya kusuka mikeka, dawa za miti na nyasi za ng'ombe wakati wa kiangazi, vyote vinatoka huko.

Je, mbu? Hapa tuseme ukweli. Mbu wapo kinamasini. Lakini yule mbu mkubwa wa malaria anapenda sana madimbwi yaliyo wazi, yanayopigwa na jua. Shimo lililoachwa na watu wanaofyatua matofali, au dimbwi la mpunga, linamfaa zaidi kuliko maji yaliyofunikwa na mafunjo marefu. Kwa hiyo anayekata mafunjo yote akidhani anafukuza malaria, mara nyingi anaikaribisha. Na hayo mashimo ya matofali, wazazi, ndiyo yanayozamisha watoto mvua ikinyesha.

SHERIA YA JUU INASEMAJE?

Serikali ya Uganda ililiona jambo hili mapema. Mwaka 1986 ilisimamisha miradi mikubwa ya kukausha vinamasi. Mwaka 1988 ikaingia katika Mkataba wa Ramsar, ambao ni mapatano ya dunia juu ya ardhi oevu. Mwaka 1995 mambo matatu yakaja pamoja: sera ya taifa ya vinamasi, sheria ya mazingira iliyoanzisha NEMA, na Katiba mpya.

Katiba hiyo, kifungu cha 237, inasema maziwa, mito na vinamasi vinashikwa na serikali kuu au serikali ya mitaa kwa niaba ya wananchi. Angalia maneno hayo. Serikali imepewa kushika kama amana na kulinda. Haikupewa iwe mali yake. Yaani hata waziri hawezi kusema kinamasi ni changu, wala diwani, wala tajiri wa mjini.

Halafu mwaka 2000 zikatoka kanuni za vinamasi, kingo za mito na pwani za maziwa. Kanuni hizo ziliweka ukanda wa mita 100 kutoka ukingoni kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito mingine. Ndani ya ukanda huo hutakiwi kulima ovyo wala kujenga. Sheria yenyewe ya mazingira iliandikwa upya mwaka 2019.

Sheria nzuri, siyo? Lakini tazama hesabu. Kwa takwimu za serikali yenyewe, mwaka 1994 vinamasi vilikuwa asilimia 15.6 ya nchi ya Uganda. Kufika mwaka 2019, vile ambavyo vilikuwa bado havijaharibiwa vilikuwa vimeshuka hadi karibu asilimia 9. Miaka 25 tu. Na sheria ilikuwepo muda wote huo.

NANI YUKO KARIBU NA MTO?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kampala iko zaidi ya kilomita 190 kutoka Busia. Ofisa wa NEMA hawezi kuamka asubuhi akaona nani anachimba mfereji Mpologoma. Anayeona ni jirani, mwenyekiti wa LC1, na diwani anayepita na pikipiki.

Watunga sheria walilijua hilo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliorodhesha kazi ambazo wilaya inazishusha kwa mabaraza ya chini. Ndani ya orodha hiyo kuna kutunza vyanzo vya maji vya mtaani, kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kulinda vinamasi vya mtaani. Kwa hiyo subkaunti ikisema, "Hayo ni mambo ya NEMA," haijasema kweli. Ni mambo yake pia.

Serikali ya mitaa inaweza kufanya nini hasa?

Kwanza, inaweza kutunga sheria ndogo. Baraza la wilaya linatunga sheria ya wilaya, na baraza la subkaunti linatunga ya kwake, mradi zisipingane na sheria ya nchi. Sheria ndogo inaweza kutaja kijito kwa jina lake la kienyeji, mahali pa kunyweshea ng'ombe, na siku za kukata mafunjo. Sheria ya Kampala haiwezi kujua hayo.

Pili, inaweza kuweka alama. Watu wengi wanaolima ukingoni hawajui mita 30 zinaishia wapi. Wilaya ikipanda miti au kuweka nguzo mpakani mwa kinamasi, ubishi unapungua.

Tatu, inaweza kukaa na watu. Baraza la kijiji chini ya mwembe, watu wakasema nani analima wapi, na nani atahama lini baada ya kuvuna.

Nne, inaweza kupeleka habari juu. Ofisa mazingira wa wilaya ndiye daraja kati ya kijiji na NEMA.

INAPOKWAMA

Lakini tusipake mambo rangi. Serikali za mitaa nazo zinakwama, na sababu zinajulikana.

Moja ni pesa. Wilaya mara nyingi ina ofisa mazingira mmoja au wawili, na mafuta ya pikipiki ni shida. Kazi imeshushwa, pesa haikushuka nayo sawasawa.

Mbili ni kura. Wakulima wa kinamasini ni wapiga kura. Diwani anayewaambia watoke mwaka wa uchaguzi anajua atakutana na nini kwenye sanduku.

Tatu ni njaa na biashara. Mpunga unauzwa. Mradi wa mpunga wa Doho, kule Butaleja, ulijengwa kati ya mwaka 1976 na 1989 kwa msaada wa Wachina, ukitumia maji ya Manafwa kwenye hekta 1,000 hivi. Watu waliona jirani anapata pesa ya ada ya shule kwa mpunga, nao wakaingia vinamasini kulima wenyewe bila mifereji ya maana. Nani atamlaumu baba mwenye watoto sita? Wilaya ya Busia, Uganda, kuna dhahabu. Wachimbaji wadogo wa upande wa Tiira hutumia zebaki kukamata dhahabu, na zebaki ikimwagika kwenye kijito inaingia kwa samaki, kutoka kwa samaki inaingia kwa mama mjamzito na mtoto wake tumboni. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2019, lakini anayeshinda mgodini ni kijana wa pale, na anayemwona ni LC1 wa pale.

Kwa hiyo tukubaliane: sheria bila chakula haishiki. Ukimtoa mtu kinamasini kwa fimbo tu, atarudi usiku. Juni 2024, pale Lubigi pembeni ya Kampala, nyumba zilibomolewa kwa sababu zilijengwa ndani ya kinamasi, na familia zikabaki nje na magodoro yao. Sisi tuliowahi kubeba godoro kichwani tunajua maana yake. Kinamasi kilihitaji kulindwa, hilo ni kweli. Lakini kama mtaa ungesimama tangu nyumba ya kwanza, zisingefika mia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Iko njia nyingine. Kuanzia mwaka 2017 serikali ya Uganda, pamoja na UNDP na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, iliendesha mradi wa kurudisha vinamasi mashariki na kusini magharibi mwa nchi. Katika kinamasi cha Limoto, upande wa Pallisa, kaskazini magharibi ya Tororo, wakulima waliokuwa wanalima mpunga ndani walikubali kutoka. Wakasaidiwa kuanza kazi nyingine pembeni, kama mabwawa ya samaki, mifugo na umwagiliaji mdogo. Mafunjo na maji yakaanza kurudi. Sera na pesa zilitoka juu, lakini makubaliano ya kutoka yalifanywa huko chini, na watu wenyewe.

NG'AMBO YA PILI: BUSIA YA KENYA

Sasa tuvuke mto. Kenya ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999, inayojulikana kama EMCA. Kifungu cha 42 kinakataza mtu kujenga, kuchimba, kugeuza maji, kukausha au kutupa vitu ndani ya mto, ziwa au kinamasi bila kibali cha NEMA ya Kenya. Mwaka 2009 zikaja kanuni za vinamasi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilibadilisha mengi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne linasema kaunti ndizo zitakazotekeleza sera za taifa za maliasili na mazingira, pamoja na kuhifadhi udongo na maji. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo Nairobi inatunga, na Busia inatekeleza.

Kuna pia vyama vya watumiaji maji, vilivyopewa nafasi na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 na tena ya mwaka 2016. Watu wa mto mmoja wanaungana, wanapanda miti ukingoni na kusuluhisha ugomvi wa maji kabla haujafika kwa polisi.

Wasomaji wengi wanachanganya jambo moja, tulinyooshe. Kenya, chifu na naibu chifu ni wa serikali ya taifa. Mwakilishi wa wadi, yaani MCA, ni wa kaunti. Kwa habari ya mto uliochafuliwa unaweza kuwaendea wote, lakini sheria ndogo na bajeti ya kaunti ziko kwa MCA na wenzake.

MTO MMOJA, VIPIMO VIWILI

Tatizo la mpakani ni hili. Upande wa Uganda kanuni za mwaka 2000 zilisema mita 30 au 100. Upande wa Kenya kanuni za maji za mwaka 2007 zilisema kuanzia mita 6 mpaka 30, kwa kadiri ya upana wa mto. Mto mmoja, maji yale yale, na shemeji wawili wanaolima kila mmoja upande wake wana vipimo tofauti. Mmoja akiheshimu na mwenzake asipoheshimu, ukingo utaanguka tu.

Ndiyo maana nchi hizi mbili zilikaa pamoja chini ya Nile Basin Initiative, umoja wa nchi za Mto Nile ulioanzishwa mwaka 1999 na wenye makao Entebbe. Kutoka hapo ukaja mradi wa mito ya Sio, Malaba na Malakisi. Pia kinamasi cha Sio-Siteko, kilicho pande zote mbili za mpaka, kikawekewa mipango ya kutunzwa kwa pamoja, na wenyeji wakishirikishwa. Kilichofundisha hapo ni kwamba maofisa wa miji mikuu wanaweza kutia sahihi, lakini wa kukaa meza moja kila msimu ni Wasamia wa huku na Wasamia wa kule, Iteso wa huku na Iteso wa kule. Hao wanaoana na kuzikana. Kuzungumza juu ya mto hakuwezi kuwashinda.

Jambo hili si la Afrika tu. Marekani ina sheria ya maji safi tangu mwaka 1972. Mwezi Mei 2023 mahakama yao kuu ilipunguza vinamasi vinavyolindwa na sheria hiyo ya taifa, ikabakiza vile vilivyoungana moja kwa moja na mito na maziwa. Tangu hapo vingine vinategemea majimbo na serikali za mitaa. Sheria ya juu ikirudi nyuma, macho yote yanageukia chini.

SISI WAKIMBIZI TUNAINGIA WAPI?

Watu wanatuuliza maswali haya. Tumeyajibu kwa ufupi.

Mimi ni mkimbizi, sheria hizi zinanihusu?
Ndiyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 2, unasema mkimbizi ana wajibu wa kufuata sheria za nchi iliyompokea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema hivyo pia. Lakini sheria ni kama shilingi, ina pande mbili. Inayokukataza kuharibu maji ndiyo inayomkataza mwingine kuharibu maji yako.

Naruhusiwa kuchota maji na kukata mafunjo?
Kanuni za Uganda za mwaka 2000 ziliacha matumizi ya kawaida ya wenyeji: kuchota maji ya nyumbani, kuvuna mafunjo na dawa, kuvua kwa mitego na vikapu. Hata kulima kidogo kuliachwa, mradi sehemu zote zilizolimwa zisizidi robo ya kinamasi. Lakini usiseme "robo ni yangu." Robo hiyo ni ya watu wote kwa pamoja. Kabla ya kuanza, uliza ofisa mazingira.

Kipande nilichogawiwa kinagusa kijito. Nifanye nini?
Usisubiri kufukuzwa. Mwone mwenyekiti wako wa RWC, mwende pamoja ofisi ya OPM mkaombe mpimiwe ukanda. Sehemu ya ukingoni panda nyasi za mifugo au miti, na sukuma wiki ipande juu zaidi. Bustani ndogo ya gunia karibu na nyumba inaweza kunyweshwa maji ya kuoshea mboga.

Nikimwona mtu anaharibu mto, niende wapi?
Anza karibu: RWC1, kisha LC1 wa wenyeji. Ikishindikana, subkaunti, halafu ofisa mazingira wa wilaya, halafu NEMA. Kwa walio Kenya, anza na kiongozi wa bloku au naibu chifu, kisha ofisi ya mazingira ya kaunti, kisha NEMA au mamlaka ya rasilimali za maji. Andika tarehe, mahali na ulichokiona. Usiende na panga. Ugomvi wa maji kati ya wakimbizi na wenyeji umeshaharibu ujirani mahali pengi.

Watatusikiliza kweli? Sisi si wapiga kura.
Swali zuri, na jibu si rahisi. Kweli hatupigi kura. Lakini tunachota, tunalima, tunakata kuni, na idadi yetu ni kubwa. Hakuna mpango wa maji unaoweza kufaulu bila sisi, na maofisa wengi wanalijua hilo. Mkutano wa pamoja wa RWC na LC juu ya kijito kimoja unaweza kuanza na watu kumi tu.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI MWEZI HUU

1. Usifue nguo wala kuosha pikipiki ndani ya mto. Chota, fulia mbali, maji machafu yamwage kwenye udongo.
2. Choo kiwe mbali na kisima na kijito, tena upande wa chini wa mteremko.
3. Mashimo ya matofali yafukiwe kazi ikiisha. Kama ni ya kikundi, kubalianeni mapema nani atafukia.
4. Usichome nyasi za kinamasi wakati wa kiangazi. Moto unaua samaki wachanga na mizizi inayoshika udongo.
5. Akina mama wanaosuka mikeka, kateni mafunjo kwa zamu, msing'oe mizizi. Yatachipua.
6. Vijana, wekeni siku moja kwa mwezi ya kusafisha chanzo cha maji pamoja na vijana wa wenyeji. Mpira uchezwe baadaye.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumeshapita siku ya tatu, wengine miaka ishirini. Jembe tunalo. Tulitumie mahali panapofaa, na ukingo wa mto tuuache upumue.

Jioni moja wiki hii, wazazi, kaeni na watoto muwaulize: kijito chetu cha karibu kinaitwaje, kinatoka wapi, kinaingia mto gani? Wakishindwa, muulizeni mzee wa wenyeji, yeye anajua. Na kama RWC na LC wa kwenu wameshafanya jambo lolote juu ya chanzo cha maji, liwe zuri au limeshindikana, leteni habari kwa mwakilishi wa gazeti katika bloku yenu. Tutaziandika mwezi ujao ili wengine wajifunze. Mbaki salama.